Nani Atakusindikiza Madhabahuni

Barking, London

Mwanangu Nyokabi,

Hapa Barking hakuna mkubwa asiyenijua, na pasipoti yangu ya Uingereza inaheshimiwa dunia nzima. Wamarekani tu ndio wananisumbua! Binti yangu Dinah alikuwa akinijazia ombi la kibali cha safari ya kuja kwako huko Marekani kwenye simu, akauliza, "Dadi, umewahi kufika Iran?" Jirani yangu Jaswant alikuwa ameketi pale, naye ameshasikia sana nilivyouza chai Tehran. Nikajibu, "Mara tatu!"

Wamenikataa, maana aliyefika Iran hapewi kibali hicho. Sasa lazima niombe viza, na ubalozi umenipangia mahojiano baada ya harusi yako. Nani atakusindikiza madhabahuni badala ya marehemu baba yako? Dinah anataka niwaeleze ukweli.

Ukweli, mwanangu, ni kwamba chai ile niliiuza sokoni Woolwich. Tehran naijua kwa televisheni.

Baba yako mdogo,
Gichuhi