Zuwena Alipowekwa Stoo

Mama,

Nnakuandikia nikiwa na hasira, na najua hukupenda. Ulikuwa ukisema, "Kwanza kunywa maji, kisha ndo ukamate kalamu." Maji nimekunywa. Hasira haijesha.

Mwaka na miezi minne sasa tangu utuache. Baba hajambo, magoti tu. Bado analala upande wake wa kitanda, upande wako haugusi. Zuwena ametimiza miaka kumi. Amerefuka, miguu ni ile ile, haimbebi, lakini ulimi, Mungu amlinde, umekuwa wako mtupu. Juzi kamsahihisha Baba Kiarabu chake mbele ya wageni, na Baba akacheka mpaka akatoka machozi.

Ulipokuwa hospitali ulinambia, "Salma, mdogo wako asome na wenziwe, asisome pembeni." Nikakwambia ndiyo. Bas, khabari ninayokuletea ni hiyo.

Nilimpeleka skuli ile ya binafsi uliyoitaka mwenyewe. Mudira wao, mwalimu mkuu, alitupokea kwa kahawa na halua. Akamshika Zuwena shavu, akasema wizara imewapa ruhusa ya kufungua skuli kwa sharti la kupokea watoto wenye ulemavu, nao wanalionea fakhari sharti hilo. Kisha akanipa karatasi nitie saini. Mama, sikuisoma. Nilikuwa nimechelewa kazini Al Khuwair, nikatia saini nimesimama, funguo za gari mkononi. Ndani yake imeandikwa kuwa familia haitodai mabadiliko yoyote ya jengo.

Darasa lake lilikuwa juu. Wiki za mwanzo mlinzi na mwalimu mmoja walikuwa wakimpandisha yeye na kiti chake cha magurudumu. Mimi nikafurahi, nikadhani mambo yamekaa sawa. Kila nikimchukua mchana namuuliza, "Leo vipi?" Ananijibu, "Salama." Salama, salama, kila siku salama. Na mimi nikaridhika, maana nilitaka kuridhika.

Halafu siku moja nikafungua daftari lake. Kurasa nzima amenakili sentensi moja, na pembeni amechora makaratoni. Makaratoni matupu, ya kila namna, na mengine ameyatilia vivuli. Nikamuuliza haya nini. Akasema, "Ndo ninayoyaona."

Waliacha kumpandisha, Mama. Mudira alisema ngazi zina khatari, wakamweka stoo. Chini, pamoja na makaratoni ya vitabu na mashine mbovu ya fotokopi. Mwalimu anamletea kazi asubuhi, anakuja kuichukua mchana. Miezi minne! Nikamuuliza kwa nini hukunambia. Akanijibu taratibu, kama mtu mzima, "Ulisema nisikusemeshe ukiendesha gari kwenye kona za Wadi Adai. Na nyumbani unakuwa umechoka."

Sikulia mbele yake. Nililia jikoni.

Asubuhi yake nikaenda kwa Mudira. Akaitoa karatasi yangu, akaiweka mezani. "Ukhti, saini si yako hii?" Nikamwambia lihamisheni darasa chini. Akasema hawezi kuwasumbua watoto thalathini kwa ajili ya mmoja, na kwamba wao wanafuata maagizo ya wizara. Nikaenda wizarani. Kule nikaambiwa skuli ile ni ya binafsi, nizungumze na wenyewe. Nikarudi kwa wenyewe. Wakanirudisha wizarani. Mara nne nimekwenda na kurudi. Kila mmoja ana kidole cha kumnyooshea mwenziwe, na kila mmoja ananiita "binti yangu".

Kisha ikaja siku ya mkaguzi. Haya nimeyapata kwa Zuwena, na mwalimu wake naye alinipigia simu jioni ile. Asubuhi na mapema Mudira alimwita mlinzi, Zuwena akapandishwa juu, akawekwa safu ya mbele na daftari jipya. Mkaguzi, mama mmoja mpole, akaingia, akamwinamia yeye kwanza. Akamuuliza, "Unalipenda darasa lako?"

Zuwena akasema, "Darasa langu lipi? Hili nimeletwa leo. Langu liko chini, lina makaratoni. Ukitaka nitakuonesha, lakini itabidi nibebwe."

Mudira akacheka, akasema mtoto huyu hodari wa hadithi. Mkaguzi hakucheka. Akashuka mwenyewe, akafungua stoo, akaukuta mto mdogo wa Zuwena, ule uliomshonea, uko juu ya kiti cha skuli.

Wiki ya pili yake darasa likahamishwa chini. Walibadilishana na chumba cha walimu. Wamebeba meza, wamebeba ubao, adhuhuri wamemaliza. Kazi ya asubuhi moja, Mama. Asubuhi moja! Mwanao amekaa stoo zaidi ya miezi minne kwa sababu watu hawakutaka kufanya kazi ya asubuhi moja.

Nilidhani tumeshinda. Baba alinunua samaki mkubwa, tukala. Kabla mwezi haujesha ikaja barua: mwaka ujao skuli haitoweza kumpokea Zuwena, kwa maslahi yake mwenyewe. Maslahi yake! Nikaipeleka wizarani. Afisa akafungua faili, akasoma, akalifunga. "Mkaguzi ameandika kasoro imerekebishwa. Faili limekwisha." Nikamuuliza, na sharti la ruhusa yao? Akanitazama kwa huruma kabisa. "Sharti linasema wampokee. Halikusema wakae naye."

Nilishuka ngazi zile sioni mbele. Ungekuwepo ungevua kiatu, nakujua. Mimi nilisema shukran. Nilimshukuru mtu yule, Mama, na mpaka leo neno hilo limenikaa kooni kama mwiba.

Jana alikuja jirani. Wamehamia hapa Amerat karibuni, nyumba ya tatu kutoka kwetu, jina lake Bi Moza. Ana binti wa miaka saba asiyesikia. Amesikia Zuwena anasoma, akaja naye kuniuliza ile skuli vipi, maana mwanawe kila mahali wanamwambia nafasi zimejaa. Nikataka kumwambia nzuri. Kweli, neno lilishafika mdomoni. Niliogopa nikisema zaidi yatawafikia, Zuwena aje kupata taabu miezi hii iliyobaki.

Nikamtazama yule mtoto. Alikuwa anamtazama mama yake mdomo, asipitwe na neno.

Bas nikamweleza yote, toka saini yangu mpaka shukran yangu. Chai ikapoa. Nilipomaliza nilidhani ataaga. Akasema, "Wewe umekwenda peke yako mara ngapi?" Nikamwambia mara tano sasa. Akasema, "Twende wawili. Na watoto twende nao, khabari zao zisizungumzwe wenyewe hawapo."

Nimeomba ruhusa kazini. Jumapili tunakwenda wizarani, Baba ndiye atakayeendesha. Zuwena ameshachagua nguo.

Mama, sikuahidi kuwa atapata nafasi. Niliwahi kuahidi nisilolijua, na umeona yaliyotufika. Ninalokuahidi ni hili: nitakaa ndani ya ofisi ile, mimi na Bi Moza na watoto wetu, mpaka apatikane mtu mmoja wa kuandika jina lake kamili chini ya maneno haya: "Zuwena ni dhamana yangu mimi." Mtu, Mama. Si idara. Wakifunga ofisi, tutarudi Jumatatu.

Kwa kheri, mamangu. Mungu akupanulie kaburi lako. Baba anakuombea kila sala, na Zuwena anasema usiwe na wasiwasi, akiulizwa atajibu.

Mwanao,
Salma