Masjala Iliyokuwa Wazi

Jumatatu, 3 Julai 2006
Nimechapa tangu chai ya asubuhi. Maelezo ya Tabitha, jirani yangu wa zamani kule Bonde la Ufa, yamefika ukurasa wa tatu. Anawataja waliochoma nyumba zetu, na bado anaishi kati yao. Wakili wa Upper Hill anayataka Ijumaa kwa kesi yetu. Hapa Riruta baridi. Vidole vigumu.

Jumanne, 4 Julai
Nimewasha kompyuta nikakuta picha ya mbuzi aliyevaa miwani. Sikuiweka mimi. Hakuna aliyeingia chumbani. Mwenye ploti ametuunganisha wapangaji wote kwenye intaneti moja. Mzaha umepitia humo. Vijana wanacheka uani. Mimi sicheki. Aliyeweza kuweka mbuzi aliweza pia kusoma. Naogopa.

Jumatano, 5 Julai
Adams Arcade, kwa Wanjiku, fundi wa kompyuta. Nimeipeleka mashine kwa teksi. Ameitazama, akaguna. Huniita guka, yaani babu.
"Guka, hii kitu iko wazi kama choo ya ploti. Hata password hauna!"
Akanionyesha huduma moja inayomruhusu mtu aliye mbali kubadilisha mipangilio ya ndani kabisa ya mashine. Nikauliza mipangilio hiyo hukaa wapi.
"Kwa registry."
Masjala. Moto ulituhamisha sisi, haukuhamisha shamba. Shamba lilihamia jina la mtu mwingine katika masjala ya ardhi, na aliyelihamisha hakuwahi kukanyaga udongo wake.
Tumeizima huduma hiyo. Tumeweka nywila ndefu. Mafaili hayaonekani tena na wapangaji wengine.
"Sasa hakuna mtu ataingia, guka."
Na aliyekwisha kuingia? Hilo hawezi kujua.

Alhamisi, 6 Julai
Sijala. Nimeikagua huduma ile tena na tena. Imezimwa. Haisaidii. Mlango uliofungwa jana hauniambii nani alipita kabla. Kila anayenisalimu uani naisikiliza lafudhi yake, kama ni ya kule. Aibu, lakini nafanya.
Nimempigia Tabitha. Nimemweleza yote, bila kupunguza. Nilisikia kuku wake.
"Mwalimu, toa jina langu."
Nikaanza kusema kwamba huenda ni mzaha tu wa vijana.
"Mimi ndiye nalala huku. Si wewe."
Kweli.

Ijumaa, 7 Julai
Nimelitoa. Nimetoa na jina la marehemu mumewe, na kijito kilicho nyuma ya nyumba, maana watu wa kule wangemtambua kwacho. Maelezo yake sasa yanaanza hivi: "Mwanamke mmoja, mkulima."
Wakili ameyasoma, akavua miwani. Amesema hayatakuwa na uzito ule mahakamani. Najua.
Nimerudi mchana. Manyunyu. Nimechomoa waya wa intaneti, nikaketi.
Mwanamke mmoja, mkulima. Kila ng'ombe wake alipozaa, alituletea maziwa kabla hatujayaomba.