Jani la Isale Lililochelewa Kufika

Mwaka umetimia, Baba, tangu asubuhi ile ya ukungu ulipotutoka hapa nyumbani Machame, Mama amekushika mkono, uji wako unapoa mezani. Watu wanasema tumeshazoea. Hatujazoea. Mama bado anapasha maji ya kuoga ya watu wawili, kisha yanayobaki anamwagia migomba.

Jumapili ulifika kanisani kabla ya mpiga kengele. Kwenye kwaya uliimba besi, na wenzako walishakuombea sana kwa Mungu juu ya hilo, lakini hukuacha kuimba. Na ule mnada wa mavuno baada ya ibada! Ulitoa mkungu wako wa ndizi sadaka, ukatoka nje ukaugombea mwenyewe, ukarudi nao begani. Mama akikuuliza, unamjibu, "Mke wangu, sasa hizi zimebarikiwa."

Majirani walipochoka na bei wakang'oa kahawa, wewe uliendelea kupogoa. Mvua zilipogoma na mfongo, ule mfereji wa mababu, ukabaki matope, ulibeba jembe ukaenda kuuzibua. Jirani akakucheka, "Eliufoo, unazibua mfereji usio na maji?" Ukamwambia, "Yakija yakute njia." Tulidhani ni ubishi. Kidogo ulikuwa ubishi kweli.

Lakini hatuwezi kukukumbuka leo tukaruka lililokuumiza. Ulipolazwa wiki tano, Praygod, kitinda mimba wako, alitaka kukufurahisha. Alisafisha kona ya kihamba, shamba letu la nyumbani, ajenge banda jipya la ng'ombe, akang'oa kichaka cha masale. Alijua masale ni ya mpaka tu. Hakujua kwamba yale yalipandwa juu ya kaburi la Babu, na hilo ni kosa letu pia, maana hakuna aliyewahi kumwonyesha. Ulirudi ukiegemea fimbo, ukaona udongo mtupu, ukatamka mbele ya mafundi, "Aliyemfukua babu yake asinizike mimi."

Praygod alishuka mjini jioni ile ile, akapanga chumba Rau, akawa mpagazi wa mlimani.

Hasira yako haikumaliza mwezi. Uliyapanda upya masale kwa mikono yako, kila shimo moja ukikaa kupumzika. Kisha ukakata jani moja la isale, ukalipiga fundo, ukampa kaka yako, Baba Mkubwa Ebenezeri, amfikishie Praygod. Kwetu jani hilo halikataliwi; ukiletewa, lazima usamehe. Sisi hatukujua. Baba Mkubwa alijua, na hakulipeleka. Kwake yeye mtoto ndiye humpelekea baba isale. Baba kumwomba mtoto radhi aliona ni aibu ya ukoo mzima. Akalificha kwenye kitabu chake cha nyimbo, akingoja kijana aanze. Siku tisa baadaye ukafariki.

Siku ya mazishi Praygod alisimama barabarani, hakukanyaga kihambani mpaka kaburi lilipokwisha kufukiwa. Wapo waliosema ana roho ngumu. Alikuwa anatii neno lako, Baba. Krismasi nayo, siku ambayo Mchaga hurudi nyumbani hata awe wapi, hakuja.

Mwezi uliopita ikafika siku ya kusafisha mfongo. Mama akampigia simu, "Baba yako hakuwahi kukosa zamu." Akapanda. Baba Mkubwa alimtazama akichimba tangu asubuhi, mwisho siri ikamshinda. Akatoa kile kitabu cha nyimbo mfukoni, akakifungua mbele yetu sote.

"Mwanangu, hili ni lako. Nimelikalia karibu mwaka mzima. Baba yako alitaka urudi umzike."

Praygod alilishika lile jani kavu, akakaa kwenye matope, akalia kwa sauti, mtu mzima wa miaka thelathini na minne. Tusifiche: siku ile tulimchukia Baba Mkubwa. Mama peke yake ndiye aliyempakulia mtori, akaketi naye mpaka akamaliza bakuli.

Kesho yake alfajiri Praygod alikwenda kwa Baba Mkubwa, akamkuta anakamua ng'ombe.

"Shikamoo, Baba Mkubwa."

Mzee aliacha kukamua. "Marahaba. Unaniamkia mimi?"

"Nipe ndoo nikusaidie. Wewe pumzika."

Tangu siku hiyo anakwenda kila asubuhi.

Hatukudanganyi kwamba yote yamepona. Mtu hazikwi mara mbili, na koleo la udongo ambalo mwanao hakulitupa, hatalitupa tena. Tunaumia. Lakini kahawa yako imepogolewa, maji yamefika hadi kwa jirani aliyekucheka, na kanisani Mama ameanza tena kusimama nyimbo zinapoimbwa. Tumemwachia Mungu mengine, kama ulivyotufundisha, na yanayobaki tunayashikia jembe.

Unakumbukwa na mkeo Eliaichi. Kaka yako Ebenezeri, anayekuomba radhi hadharani. Binti yako Kindness wa Njoro na mumewe Godwin. Na mjukuu wako Jesse. Siku zote utaishi mioyoni mwetu.

Praygod hakutaka kutajwa katikati ya wengine. Ameomba mstari wake peke yake:

Baba, ujumbe wako umefika. Nimekusamehe. Na mimi nisamehe.