Tarumbeta la Nyota Tano

Nyumba ya Kona,
Nyuma ya Kiwanda cha Sabuni.
Jumapili, tarehe nane.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zetu sote kutoka nyumbani. Natumaini barua hii inakukuta salama, wewe na wifi na binti yenu. Vipi mgongo? Wifi aliniambia siku hizi unalala sakafuni kama mlinzi wa ghala. Sisi hatujambo. Goti la Mama limetulia tangu akubali kuhamia chumba cha chini, ingawa anatuambia kila siku kwamba tumemfukuza chumbani kwake. Paa la jikoni nimeliziba mwenyewe, na bado linavuja, ila sasa linavuja mahali pengine.

Najua umezoea nikuandikie kwenye simu maneno mawili matatu. Hili halienei kwenye simu. Tena nataka ulisome umekaa, maana una mkono wako ndani yake.

Ulisikia jinsi lori la viti lilivyorudi nyuma likalikanyaga tarumbeta la Ba'mdogo, lile alilopuliza tangu enzi za bendi ya Baba. Nilipokuuliza tufanye nini ukanijibu, kwa ile sauti yako ya mtu aliyesafiri, nitafute mtandaoni, ila nisinunue kitu kabla sijasoma maoni ya wateja. Nami mtiifu nikasoma.

Kaka, yalikuwa mengi mpaka kidole kilichoka kuyasogeza, na yote nyota tano. Mmoja aliandika kwamba amepuliza matarumbeta maisha yake yote na hajakutana na sauti laini kama hiyo. Mwingine, eti mama wa watoto, akasema mwanawe alilitoa kwenye boksi asubuhi na jioni akawa anapiga wimbo mzima. Huyo ndiye aliyenimaliza. Nilimwonea wivu mtoto ambaye, sasa najua, hata kuzaliwa hakuzaliwa. Nikaagiza.

Lilikuja linang'aa kama sufuria ya dukani. Ba'mdogo alilipima mkononi akasema, "Jepesi." Akalizungusha, akaongeza, "Labda ndiyo mambo ya kisasa." Siku za mwanzo lililia vizuri tu, na uani kukawa na furaha.

Halafu Mama Mkunga akafariki. Sina haja ya kukueleza alikuwa nani. Mikono yake ndiyo ya kwanza kutushika mimi na wewe, na nusu ya mtaa huu. Alipokuwa kitandani Ba'mdogo alikwenda kumwona, akamwahidi kwamba siku ikifika atamtangulia kwa tarumbeta mpaka mwisho wa safari. Yule mama akacheka, akamwambia asimpigie kinyonge.

Siku ya maziko watu walijaa barabara nzima. Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri mpaka nywele zilinisimama. Kwenye ubeti wa pili kitufe cha kati kikazama, hakikurudi. Tarumbeta likatoa mlio mmoja mrefu, kama mbuzi aliyebanwa na mlango. Ba'mdogo akakivuta kile kitufe kwa kucha, akapuliza tena kwa nguvu, na pale lilipounganishwa pakaachia. Ule mdomo mpana wa mbele ukaanguka miguuni pa wabeba jeneza, ukabiringika.

Watu walicheka, Kaka. Hawakuwa na ubaya, unajua kicheko kinavyomtoroka mtu msibani. Hata watoto wa marehemu waliziba midomo. Ba'mdogo aliinama akakiokota kile kipande, akakitia mfukoni mwa koti, akatoka kwenye msafara na kushika njia ya nyumbani peke yake. Mimi nilimalizia wimbo kwa saksafoni bila kujua ninapiga nini.

Tangu siku hiyo hakuja tena mazoezini. Ukimtembelea unamkuta amekaa, redio imezimwa, anakuuliza habari za mvua.

Niliwaandikia wenye duka, kimya. Nikaandika maoni yangu, nyota moja, nikaweka na picha. Hapo wakajibu upesi, tena hadharani: "Bidhaa zetu ni bora. Inaelekea mzee wenu hajui kupuliza. Mshaurini apumzike." Baadaye maoni yangu yakafutwa, lakini mke wa Kishindo, mpiga ngoma wetu, alikuwa ameshamsomea Ba'mdogo lile jibu. Alidhani atakasirika ainuke. Hakukasirika. Alisema tu, "Labda kweli."

Maneno hayo mawili ndiyo yaliyonitia moto. Nilipiga namba iliyokuwa kwenye boksi, mwanamume akapokea, akanisikiliza nusu, akakata. Nikaihifadhi namba ile kwa jina la Mwizi wa Tarumbeta, nikaapa kwamba atalipa.

Sikujua kiapo kitanijia mlangoni. Nilikuwa napiga pasi mchana mmoja, simu ikaita, na kwenye kioo pakaandikwa: Mwizi wa Tarumbeta. Nilidhani amejirudi. Kumbe hakunikumbuka hata chembe. Alisema amesikia sifa za bendi yetu, binti yake anaolewa, je, tuna nafasi? Nilimjibu kwa sauti ya asali kwamba siku hiyo tuko huru kabisa. Nilipokata simu shati lilikuwa limeungua mgongoni, na sikujali.

Kishindo ndiye aliyenipinga, tukiwa mazoezini kwenye chumba cha nyuma cha fundi cherehani.

"Dada, harusi ni ya msichana," alisema. "Msichana amekosa nini?"

"Tutampigia vizuri kuliko alivyowahi kupigiwa mtu."

"Halafu?"

"Halafu baba yake atasimama kuishukuru bendi. Hilo tu."

Aliutazama mfuko uliokuwa miguuni pangu, wenye lile tarumbeta bovu, akaelewa. "Una roho mbaya wewe."

"Ninayo," nikamwambia, "na nimeifua nimeipiga pasi."

Nilikibandika kile kipande kwa gundi, nikalisugua tarumbeta mpaka likarudi kung'aa. Ba'mdogo nilimdanganya kwamba tunahitaji mtu mzima wa kutulindia mizigo. Akavaa shati jeupe, akaja, akakaa pembeni juu ya maboksi ya spika.

Ukumbi ulikuwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi, maua ya plastiki kila nguzo, feni zinazunguka kwa kujivuta. Tulipiga, Kaka. Nakuambia bila kujisifu, hatujawahi kupiga vile. Nilitaka asipatikane mtu wa kusema bendi ni mbovu. Mabibi wa upande wa mume walicheza mpaka wakavua viatu.

Ndipo baba wa bi harusi akashika maikrofoni. Mnene wa wastani, suti ya kijivu, sauti ya mtu asiyewahi kukatizwa. Akasema bendi hii ni ya hali ya juu. Nikachukua maikrofoni ya pili.

"Tunashukuru, mzee," nikasema. "Na sifa nyingine ni zako. Hili tarumbeta tulilinunua kwenye duka lako la mtandaoni. Wateja wako wameandika kwamba hata mtoto analipiga siku ya kwanza. Tunamwomba baba wa bi harusi atufungulie wimbo unaofuata."

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Alilitambua. Tabasamu lilibaki usoni, macho yakaondoka. Lakini angekataaje, wakwe wote wameshasimama na simu juu? Akalipokea. Pumzi ya kwanza ikatoka hewa tupu. Akavimbisha mashavu, akabonyeza, kitufe kikazama, na yule mbuzi wetu akalia ukumbi mzima. Akapuliza mara nyingine kwa hasira, gundi ikaachia, kipande kikaangukia katikati ya glasi za meza ya wakwe.

Nikangoja kicheko kifike juu kabisa, ndipo nikasema polepole kwenye maikrofoni, "Inaelekea mzee wetu hajui kupuliza. Mshaurini apumzike."

Alinitazama, na safari hii alinikumbuka. Utamu wa dakika ile sijui nikueleze vipi. Nimeula tangu siku hiyo na haujaisha. Na kule pembeni nilimwona Ba'mdogo akicheka, Kaka, akicheka mpaka akapaliwa, mpaka mtu akamkimbizia maji.

Tukafungua wimbo wetu wenyewe, watu wakarudi kucheza. Mimi nilikwenda kwenye ujia wa jikoni kupumua, na bi harusi akanifuata, ameshika gauni kwa mikono miwili. Nikajua nimeharibu siku ya mtu. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumwomba radhi.

"Ni mimi," akasema.

"Wewe nini?"

"Yule mama wa mtoto ni mimi. Na yule aliyepuliza maisha yake yote. Karibu maoni yote niliyaandika mimi, pale mezani kwetu. Sijawahi kushika tarumbeta."

Ile radhi nikaimeza. "Na lile jibu la mzee kupumzika?"

"Hilo la baba. Nilimwambia alifute, akakataa."

Hakuwa analia. Kama angelia ningemwacha. Nikamwambia, "Basi andika tena. Andika ukweli, na safari hii uweke jina lako."

Akaitazama pete. "Jina lipi?"

"Lolote lililo lako."

Sikumwamini. Lakini wiki haikuisha akaandika, nyota moja, jina lake kamili, kwamba yeye ni binti wa mwenye duka na kwamba sifa zote alizitunga bila kusikia chombo hata kimoja kikilia. Chini yake watu wakamiminika kama waliokuwa wamezuiliwa na geti: shule iliyouziwa ngoma zilizochanika kabla ya gwaride, kwaya yenye kinanda ambacho nusu ya vitufe ni bubu. Wenye ule mtandao wa soko wakalifunga duka lake. Nilikuwa nalitazama lile tangazo la kufungwa kila asubuhi kabla sijapiga mswaki.

Baadaye yule bwana akaja mwenyewe nyumbani kwa Ba'mdogo, bila suti. Alibeba tarumbeta, la kweli, zito, kutoka kwenye duka ambako unajaribu kwanza ndipo unalipa. Akaanza kuomba msamaha kwa maneno marefu. Ba'mdogo akamnyooshea mkono anyamaze, akamwonyesha kiti cha karibu na dirisha. Mimi nikasimama mlangoni, asije akakumbuka shughuli nyingine.

Ba'mdogo akalowesha midomo. Akapiga wimbo wa Mama Mkunga, beti zote, taratibu, bila kuruka kitu. Alipomaliza akaurudia tangu mwanzo. Majirani walisimama uani. Yule bwana alikaa mikono katikati ya magoti, akitazama sakafu, na chai yake ikapoa.

"Umesikia?" Ba'mdogo akamuuliza.

"Nimesikia, mzee."

"Basi nenda."

Sasa Ba'mdogo amerudi mazoezini, anatugombeza kama zamani. Hata wakikutana barabarani anamsalimia yule mtu, wanaulizana habari za nyumbani. Kila mtu ananiambia yameisha, na mimi niache. Kishindo anasema uso nilioukunja utabaki hivyo hivyo. Mimi simsalimii. Tarumbeta limelipwa, aibu imerudi kwa mwenyewe, yote sawa. Lakini Mama Mkunga alikwenda na mlio wa mbuzi na kicheko, na Ba'mdogo alikuwa amemwahidi. Hatutamzika mara ya pili, Kaka. Kwa hilo sijaona wa kunilipa, na sitaki kujifanya nimesamehe.

Jambo la mwisho. Wifi anasema mnataka kumwagizia binti fidla mtandaoni, na kwamba umeshasoma maoni. Naomba uache. Mpeleke mahali akaishike, aipige mwenyewe, kisha ndipo utoe pesa. Na kama ni lazima usome, anza na yule wa nyota moja, anayelalamika kwa herufi zilizokosewa. Yule aliandika akiwa na hasira, na mwenye hasira hana muda wa kupamba.

Mama anakusalimu sana, anasema upige simu mchana, usiku hasikii vizuri. Ba'mdogo anakusalimu, na anasema saksafoni yako ya zamani bado iko juu ya kabati lake, haijauzwa. Kishindo na mkewe, na fundi cherehani pia, wote wanakusalimu. Mbusu binti, mwambie shangazi yake anamngoja aje apige.

Mungu awafunike huko mliko, awape riziki ya heshima na majirani wenye subira.

Ni mimi dada yako, nikupendaye pamoja na ushauri wako.