Dumu la Majivu

Jumatatu, 5 Februari

Nimeamka saa kumi na moja. Uwanja nimefagia. Taka za jana nimezichambua kabla chai haijachemka. Maganda kwenye ndoo ya bluu, chupa na madumu kwenye kiroba, pampasi za mtoto na vingine visivyo na kazi kwenye mfuko wa gari la taka. Mwaka jana nilikuwa natoa mifuko minne kwa wiki. Sasa mmoja, na haujai. Najisifu, ndiyo. Humu ndani nani mwingine atanisifu?

Mama hatanisifu. Mama mkwe wangu ana wiki ya tatu hapa. Mume wangu alimleta kutoka kijijini kwao milimani atolewe mtoto wa jicho. Jicho limepona, tabia bado. Leo tena nimemkuta ukutani kule nyuma anamwaga beseni zima korongoni: maganda ya mihogo, chupa ya mafuta ya kupaka, soli ya kandambili. Nikamwambia, Mama, korongo likiziba maji yanaingia kwa Mama Hamisi hapo chini, na taka zinazopita zinaishia ziwani. Akanitazama, akakung'uta beseni. Kwao taka ni maganda. Unatupa migombani, yanaoza, yamekwisha. Plastiki haimwambii kitu.

Nimekasirika mpaka chai imenishinda.

Anaondoka mwisho wa mwezi kuwahi kupanda. Nahesabu siku. Mungu anisamehe.

Jumatano, 7 Februari

Shimo linanuka. Siyo siri tena. Nyumba saba za mtaa huu zinaleta maganda yao kwenye shimo langu la mboji, na ni mimi niliyewabembeleza, mlango kwa mlango, mwezi mzima. Sasa nani kaleta matumbo ya migebuka? Nimesema mara ngapi, samaki hapana! Mbwa wawili wamelala ukingoni tangu asubuhi.

Mama Hamisi kapanda kutoka kwake, mtandio puani. Kasema kwa upole, na upole wake ndio unaoniogopesha. Ikifika Ijumaa bado linanuka, anakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, lifukiwe.

Likifukiwa wote wanarudi korongoni. Nawajua. Kata yetu nzima ya Rusimbi itanicheka.

Mama alikuwa barazani, kasikia yote. Jirani alipoondoka akasema, "Tia majivu, mwana wanje. Shimo lisilo na majivu ni choo." Mwana wanje ni mwanangu, kwa Kiha. Hajawahi kuniita hivyo. Majivu nayatoa wapi mimi, napikia gesi?

Alhamisi, 8 Februari

Nimepata majivu!

Stoo, nyuma ya gunia la mkaa tunaouweka kwa siku gesi ikiisha. Dumu la lita tano limejaa hadi shingoni, mdomo umezibwa kwa gunzi la mahindi. Sijui liliwekwa lini. Labda la wapangaji waliotutangulia. Wingu lilikuwa limefunga upande wa ziwa, matone yameanza, nikamwaga lote mbio mbio. Kulikuwa na vitu vinagongana ndani. Vipande vya makaa, nikajua. Nikachanganya kwa reki, nikafunika kwa nyasi kavu. Dumu nikalikata hapo hapo, nikalijaza udongo, nikapanda miche minne ya pilipili.

Hakuna kilichotupwa. Hivi ndivyo inavyotakiwa.

Ijumaa, 9 Februari

Halinuki. Mama Hamisi kaja, kavuta pumzi. Kavuta tena. Kacheka, kaenda zake. Mwenyekiti hatasikia kitu.

Mchana nimemkaangia Mama kuhe wa ziwani, nikampa mnofu wa mgongoni. Ushauri wake uliniokoa, haki yake nimpe. Kala, kanyonya mifupa, kisha akainuka mwenyewe akaitia kwenye ndoo ya bluu. Mifupa ya samaki! Kwenye ndoo ya bluu! Lakini siyo korongoni. Nimeitoa alipogeuka.

Siku njema.

Jumatatu, 12 Februari

Yamenikuta.

Mama alikuwa stoo asubuhi, anahamisha gunia la mkaa kwa mikono yake. Nikamuuliza anatafuta nini. Dumu lake. Dumu la nini, Mama? La mbegu.

Mbegu za maharage. Kwao zinalazwa ndani ya majivu ili wadudu wasizitoboe, halafu linazibwa kwa gunzi. Kila mtu anajua, anasema. Mimi nimezaliwa Bangwe, baba yangu mvuvi. Nakwambia dagaa wamekauka siku ngapi kwa kuwashika tu. Maharage nayajua ya dukani, yako kwenye mzani.

Nikasema nitamtafutia. Nimesema hivyo, kwa mdomo huu huu.

Nimekwenda kusimama kwenye shimo. Mvua imenyesha siku nne juu yake. Sikuthubutu kuchimba, kwani anaona barazani.

Jumanne, 13 Februari

Nimemwambia mume wangu, Baba Neema, aliporudi kutoka bandarini. Kakaa kwenye kigoda na buti zake, hajavua. Mtu mzima, anawafokea madereva wa malori kutwa nzima, lakini nilipotaja dumu kanong'ona kama mtoto aliyevunja chungu.

Hizo mbegu Mama alipewa na mama yake siku anaolewa. Mama yake alipewa na wa kwake. Ndogo, za njano, jicho jekundu. Sokoni hakuna. Mwaka wa njaa, Baba Neema akiwa mdogo, walikula majani ya maboga miezi miwili, na dumu liko palepale juu ya dari halikuguswa. Mama kalibeba mpaka huku kwa sababu hakumwamini mtu wa kumwachia. Yeye Baba Neema ndiye aliyeliweka stoo. Hakuniambia. Kasahau! Nilimpa maneno yake, lakini machache, maana aliyemwaga ni mimi.

Nimezimwaga juu ya matumbo ya migebuka.

Ushauri wake: tununue maharage ya njano, tutie majivu, tumpe. Macho yake bado hayajakaa sawa, hataona. Nimekubali. Najidharau, lakini nimekubali.

Jumatano, 14 Februari

Nimefanya. Maharage ya njano, madogo kuliko yote niliyoyaona, nimechagua moja moja mpaka muuzaji kaniuliza kama nayaposa. Majivu nimeomba kwa mama anayekaanga samaki karibu na soko. Dumu la kwenye kiroba. Gunzi. Kila kitu.

Nimemkabidhi Mama. Nikasema nililisogeza wakati nafanya usafi.

Kalipokea kwa mikono miwili. Kalipeleka sikioni, kalitikisa. Kalitikisa tena, taratibu. Kaliweka chini. "Asante," akasema.

Basi. Chakula cha jioni kala matonge mawili. Heri angenitukana.

Alhamisi, 15 Februari

Nimeshindwa. Njia ya mwongo fupi, na yangu haikufika hata asubuhi ya pili.

Nilimkuta barazani na chai yake. Nikapiga magoti sakafuni, nikamwambia yote. Shimo, mvua, gunzi, pilipili, soko. Na majivu ya mkaanga samaki. Sikumtaja mwanawe kwenye uongo ule. Huyo atajisemea.

Kanisikiliza mpaka mwisho. Kisha: "Nilijua jana. Zangu zikitikiswa zinalia sauti nyembamba. Hizi zako zinalia kama mawe. Nikasema ngoja, nimwone mke wa mwanangu ni mtu gani."

Nilitamani ardhi ipasuke.

"Lete jembe," akasema.

Tumechimba tangu saa mbili. Jembe kaliweka kando mapema, eti linakata mbegu, tukatumia mikono. Mama yule, mwenye jicho la juzi tu kuzibuliwa, kaketi ukingoni na kanga yake nzuri, anapapasa maganda yaliyooza kwa vidole. Nilimsihi aache uchafu utamwingia jichoni. Kafunga kitambaa kichwani hadi kwenye nyusi, kaendelea. Mama Hamisi katusikia, kaja kuuliza. Nilipomweleza hakucheka. Kavua viatu, kashuka shimoni.

Katikati ya shimo ni moto kweli, mkono haukai. Huko mbegu zimepikwa, ukizibonyeza zinakuwa uji. Moja, nyingine, nyingine. Kila nikibonyeza moyo unashuka. Mama alikuwa anaweka mbovu upande wake, kwa mstari, kama watu.

Halafu pembeni, upande wa nyasi, Mama Hamisi akapiga kelele. Kaona moja imevimba, ganda limepasuka, kamzizi keupe kamechungulia. Mama kaichukua, kaileta karibu kabisa na jicho lake jipya. "Mana yanje," akasema. Mungu wangu.

Thelathini na moja. Dumu zima, na tumepata thelathini na moja.

Nimelia mbele yao wote wawili, kamasi na kila kitu, mikono imejaa uozo hata siwezi kujifuta. Mama ndiye aliyenifuta, kwa pindo la kanga. Kasema mbegu iliyoanza kuota haisafiri, itakatika njiani. Hizi zinapandwa leo, hapa.

Tumezipanda nyuma ya jiko, kwenye udongo wa mboji ya mwaka jana. Kuwahi kupanda kijijini, hakuna tena. Shamba la huko atalima mdogo wake msimu huu. Mama anabaki mpaka zikauke.

Ijumaa, 16 Februari

Baba Neema kajisema mwenyewe. Mama kamuuliza tangu lini maharage ya sokoni yakawa bibi yake. Mtu mzima kakosa pa kuweka uso. Nimecheka jikoni mpaka nimeshika meza.

Jumapili, 24 Machi

Ishirini na sita zimesimama. Tano zimeliwa na kuku wa Mama Hamisi. Kajitetea kwamba kuku hajui ukoo wa maharage. Mama kazungushia uzio wa chupa za maji, kazikata kichwa na kitako, kila mche na chupa yake. Nani kamfundisha? Anasema kaona pilipili zangu kwenye dumu lake, akapata akili. Hilo "dumu lake" kalitaja huku ananitazama. Nimekoma.

Siku hizi shimo ni lake. Anapita kila nyumba inayopikia kuni kukusanya majivu, na huko anagombeza watu kwa Kiha. Anayetia vichwa vya dagaa kwenye maganda anarudishiwa ndoo yake mlangoni. Mimi nilibembeleza mwezi mzima. Yeye anaamuru, na wanatii. Nyumba saba zimekuwa kumi na mbili. Naona wivu kidogo, sitadanganya.

Mvua ya juzi ilikuwa ya kutisha. Tulisimama ukutani mimi na yeye kutazama korongo. Maji yalipita mekundu, kwa kishindo, lakini yalipita. Kwa Mama Hamisi hayakuingia. Jioni ile Mama Hamisi, pamoja na kufunga Ramadhani, kamletea Mama bakuli la uji wa futari.

Jumamosi, 20 Aprili

Maganda ya maharage yameanza kugeuka rangi. Kila asubuhi namkuta Mama ameinama pale, anayashika shika.

Sijamuuliza ataondoka lini. Nilikuwa nahesabu siku aende. Sasa nahesabu tena, na nachukia kila inayopita.

Jumamosi, 25 Mei

Tumevuna asubuhi. Kazi ya robo saa. Tumepukuchulia kwenye ungo, barazani, jua likiwa zuri na upepo wa ziwa unapuliza makapi yenyewe. Ndogo, za njano, jicho jekundu. Miezi yote hiyo nilikuwa sijaziona zikiwa safi. Nzuri jamani. Nimeelewa kwa nini walikula majani ya maboga.

Mama anaondoka kesho kwa basi la asubuhi.

Kaniomba chupa mbili za maji kutoka kwenye kiroba, zilizooshwa na kukauka. Kagawa kwa kiganja, kimoja huku, kimoja kule, mpaka ungo ukaisha. Akajazia majivu. Moja kaifunga kwenye kanga yake. Nyingine kanipa mimi. Nikasema Mama, zote ni zako, utazihitaji. Kasema alikosea kuziweka zote kwenye dumu moja. Angezigawa zamani, mbili tatu kwa kila mke wa mwanawe, hata mvua inyeshe miaka zisingepotea zote.

Nimechukua kalamu ya wino mzito ya Neema, mwanangu wa shule, nikaandika ubavuni mwa chupa: MBEGU. SI TAKA. Mama hajui kusoma. Kaniuliza nimeandika nini. Nikamsomea.

Hakucheka. Kaishika chupa, kaigeuza geuza, kanirudishia.

"Andika na jina lako," akasema.

Nimeandika. Chupa iko kabatini, nyuma ya vikombe vya wageni.