Zuena, Si Wewe Uliyezima Zile Logi

Mpendwa mdogo wangu Zuena,

Nianze na habari njema, maana unanijua: bahati inanifuata hata nikiikimbia. Ile kazi yako ya mashine ya kompyuta pale depo ya dawa ni yangu sasa. Nakaa kwenye kiti chako cha magurudumu, feni inanipepea kisogo, na Docta mkubwa akipita mlangoni ananiita "enjenia". Mimi! Niliyeacha shule kwa sababu vita iliifunga, na ilipofunguliwa nikasema wacha na wengine wasome. Mtaa mzima wa Mikelenge wananisimamisha njiani niwatengenezee simu.

Basi. Sasa nikwambie zile logi zilikwenda wapi.

Unakumbuka ulivyonieleza programu yako, ukichora kidole mezani. Katoni ikiingia au ikitoka, fremu yako ya Java, ule mfumo unaoibeba programu, inapeleka habari kwenye hifadhi ya data, na hapo hapo inaandika kwenye logi, daftari lake: nini kimeombwa, nani ameomba, saa ngapi. Nilikuuliza, "Kwa nini iandike yote hayo, haina kazi nyingine?" Ukacheka, ukaniita kama unavyoniita mimi mkubwa wako: "Yaya, siku moja watu watauliza."

Siku ikafika. Serumu, zile chupa za maji ya kutundikia wagonjwa, zilikosekana kwenye rafu. Docta akataka logi, na logi tupu. Programu inafanya kazi, data inaingia, lakini mule hamna hata mstari mmoja. Na aliyejua kuizima, kila mtu aliwaza, ni yule aliyeiandika.

"Mama Zuena, logi iko wapi?" Docta alikuuliza mbele yetu wote.

"Sijui, Docta. Unipe nafasi nitafute."

Ungepewa nafasi hiyo. Lakini mimi, mwandika risiti wenu, nilikuwepo pale, na mimi nikiona watu wamenuna lazima niwachekeshe, ni ugonjwa. Nikasema: "Ah, Docta, huyu unamuuliza nini? Hata askari wa vita walimushindwa! Walimuuliza baba iko wapi, yeye anatafuna tu muhogo!"

Wakacheka wote. Docta hakucheka. Akasema polepole, "Kumbe alizoea kuficha tangu utoto." Ukanitazama, mdogo wangu. Ukachukua mkoba wako, na kesho yake nikasikia umepanda moto, pikipiki ya abiria, umeenda kwa shangazi kule Obokote kulima.

Nilichokifanyia mzaha mbele ya watu ni kitu gani? Ni ile asubuhi ya vita kule Alunguli, ukiwa bado mtoto, wale watu wenye silaha wakaingia uani, na baba amelala chini ya magunia ya mkaa nyuma ya jiko. Mimi, mkubwa wako, niliogopa mpaka nikaanza kuwapigia masolo, porojo za mpira, mdomo haufungi. Mmoja akakugeukia wewe. "Baba yako iko wapi? Sema!" Ukatafuna. Akakupiga kofi, muhogo ukaanguka mavumbini, ukauokota, ukaupangusa, ukatafuna tena. Wakaondoka. Mama alikubeba siku nzima kama mtoto mchanga, na ulikuwa mzito tayari. Alisema, "Leo huyu njo ametuzaa sisi wote."

Na hicho ndicho nilichokiuza kwa kicheko cha wafanyakazi wa depo.

Ulipoondoka nikaambiwa nitengeneze. Nikajidai najua. Nikapandisha kiwango cha logi mpaka mwisho, kimya. Nikabadili folda, kimya. Nikawasha na kuzima mpaka mlinzi akaniuliza, "Enjenia, unaibembeleza ama unaipiga?" Halafu nikaona yale maneno mekundu kwenye dirisha jeusi programu inapoanza. Nilikuwa nayaona kila asubuhi, nayafunga upesi, yanaharibu sura. Safari hii niliyasoma neno kwa neno, simu inanitafsiria.

Zuena, kumbe ni mimi. Unakumbuka nilitaka risiti zitoke na picha ya msalaba mwekundu juu, nikaenda cyber nikashusha furushi zima la maktaba za Java, vile vipande vya programu vilivyoandikwa na wengine, nikalimwaga kwenye folda yako bila kukuuliza? Ndani yake kulikuwa na maktaba ya logi isiyokamilika. Ni mlango tu, nyuma yake hakuna nyumba. Fremu yako ikianza inatafuta maktaba za logi kwa mpangilio wake, inashika ya kwanza inayoiona. Ikashika ile yangu. Tangu hapo kila ilichosema kilimezwa. Haikunyamaza hata siku moja. Ilikuwa inasemea shimoni.

Nikaitoa. Nikaongeza mstari mmoja kwenye mipangilio, kuitajia fremu ni maktaba gani itumie. Mistari ikaanza kumiminika kama mvua. Nikashangilia peke yangu kama mjinga, mpaka nikatazama tarehe: yote ni ya siku hiyo tu. Zile siku zako hazimo, wala hazitarudi. Nani alitoa zile serumu, hakuna mashine itakayosema.

Kwa hiyo nilisema mimi. Niliomba Docta awaite wote mle mle ndani, nikaeleza furushi langu, nikaeleza na ule muhogo, vizuri safari hii, na kofi lake. Hakuna aliyecheka. Docta akavua miwani, akasema, "Basi yule mama tulimwonea." Amesema ukitaka kurudi, mahali pako papo. Mimi sina uso wa kukuomba, nakufikishia maneno tu.

Mpe shangazi mkono. Ukishiba hasira na bado imebaki, nihifadhie, nitakuja kuila huko huko.

Na ile kazi niliyojisifu nayo pale juu, sina. Walinifukuza nilipomaliza tu kusema. Nilidanganya.

Ni mimi, yaya wako.