Kosa Walilolizoea

Jumanne, 10 Novemba 1998

Eti nimewaharibia! Ile programu ndogo ninayowagawia bure watengenezaji wa tovuti ilikuwa inaonyesha tarehe ya kesho. Nikairekebisha. Leo jamaa wa Brazili ameniandikia barua pepe kwa hasira: wao walishazoea kupunguza siku moja, sasa kurasa zao zote zinaonyesha jana. Naogopa wataniacha wote.

Nimefika nyumbani nimenuna. Mama akausukuma mlango wa jikoni kwa bega, kama kawaida yake, maana siku zote hukwama. Asubuhi nilikuwa nimeupiga randa bila kumwambia. Akapitiliza hadi juu ya kapu la mboga ya mrenda.

"Nani alikutuma?" akafoka. "Rudisha vile ilikuwanga!"

Nimepigilia kibao, mlango ukwame tena. Kesho nitawarudishia Wabrazili kosa lao.